Jina Lisilo Sahihi na Kasoro Adimu za Mishipa ya Damu

Watu wengi waliozaliwa na kasoro adimu za mishipa ya damu hufika kwa daktari bingwa wakiwa tayari na majina matatu au manne ya ugonjwa wao, kila moja likiwa limeandikwa na daktari tofauti, na huenda hakuna hata moja lililo sahihi. Mtoto ambaye mishipa mikubwa ya kifua imelizunguka bomba lake la hewa ameshaitwa mgonjwa wa pumu. Kijana mwenye aota iliyobana, yaani mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, ameshaanzishiwa dawa za shinikizo la damu kana kwamba ni shinikizo la kawaida. Mwanamke anayetokwa damu puani tangu utotoni ameambiwa kwamba pua yake ina mishipa dhaifu na kwamba asiwe na wasiwasi. Hoja yangu ni kwamba katika magonjwa haya jina lisilo sahihi lina madhara makubwa kuliko kukosa jina, kwa sababu mgonjwa asiye na jina bado anachunguzwa, ilhali aliyekwisha kupewa jina huandikiwa dawa na uchunguzi wake huishia hapo.

Si haki kuwalaumu madaktari kwa jambo hili bila kutazama ukubwa wa mzigo wenyewe. Umoja wa Ulaya huuita ugonjwa adimu ule usiozidi watu 5 kati ya 10,000, na sheria ya Marekani ya mwaka 1983 inaweka mpaka kwenye watu wasiofikia 200,000 nchini humo. Magonjwa yanayoingia katika maana hiyo ni zaidi ya 6,000, mengi yakiwa na chanzo katika jeni na mengi yakianza utotoni, na kwa pamoja yanakadiriwa kuwagusa watu wapatao milioni 300 duniani. Hakuna daktari anayeweza kuyakariri yote, na anayejaribu atachanganya zaidi ya kusaidia. Linalowezekana, na ambalo kwa maoni yangu halifundishwi vya kutosha, ni kujua dalili za kwamba jina la kawaida halimkai mgonjwa aliye mbele yako.

Historia ya neno moja inaonyesha vizuri jinsi jina linavyoweza kupotosha tiba kwa miongo mingi. Neno hilo ni hemanjioma. Kwa muda mrefu lilitumika kuita karibu kila alama nyekundu, ya zambarau au ya buluu kwenye ngozi ya mtoto, pamoja na kila uvimbe uliojaa damu, uwe mdomoni, kwenye msuli au kwenye ini. Mwaka 1982 John Mulliken na Julie Glowacki, waliokuwa wakifanya kazi Boston, Marekani, walichapisha uainishaji ambao haukutazama rangi wala umbo, bali tabia ya seli zinazotanda upande wa ndani wa mishipa. Katika kundi la kwanza seli hizo zinazaliana kwa kasi, kwa hiyo ni uvimbe wa kweli. Katika kundi la pili seli zimetulia, ila mishipa yenyewe iliumbwa vibaya tangu tumboni, iwe ni kapilari, yaani vishipa vyembamba kabisa, vena zinazorudisha damu moyoni, mishipa ya limfu, au ateri zinazotoa damu moyoni zilizoungana na vena mahali pasipostahili. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa magonjwa haya kiliupokea mgawanyo huo mwaka 1996 na kuupanua mwaka 2014, na hadi leo ndio msingi wa kazi yote.

Uzuri wa mgawanyo huu ni kwamba mara nyingi unaweza kufanyika kwa kuuliza tu. Hemanjioma ya watoto wachanga kwa kawaida haionekani siku ya kuzaliwa, au huonekana kama doa hafifu. Hujitokeza katika wiki za kwanza, hukua kwa kasi katika miezi michache ya mwanzo, kisha husinyaa polepole kwa miaka kadhaa. Kasoro ya mishipa huwapo tangu kuzaliwa hata kama haijaonekana, hukua sambamba na mwili wa mtoto, haisinyai yenyewe, na inaweza kupanuka ghafla wakati wa kubalehe, wakati wa ujauzito au baada ya jeraha. Kwa hiyo maswali yenye thamani kubwa kuliko yote ni mawili: ilionekana lini, na tangu hapo imekwendaje? Mzazi anayajua majibu, na picha za mtoto zilizohifadhiwa kwenye simu, kila moja ikiwa na tarehe yake, ni ushahidi ambao daktari mzuri huuomba kabla ya kuandika rufaa. Penye shaka kipande kidogo cha nyama kinaweza kupimwa, kwa kuwa tangu mwaka 2000 inajulikana kwamba seli za hemanjioma ya watoto wachanga zina protini iitwayo GLUT1 ambayo haipatikani katika mishipa ya kasoro za kuzaliwa.

Tofauti hiyo ni ya tiba moja kwa moja, wala si mabishano ya wasomi kuhusu istilahi. Mtoto wa miaka 12 mwenye kasoro ya vena shavuni, aliyeambiwa kuwa ni hemanjioma na kwamba itaondoka yenyewe, anasubiri jambo lisiloweza kutokea, na kila mwaka anaosubiri mishipa yake inazidi kutanuka. Kinyume chake ni mtoto mchanga mwenye hemanjioma ya kweli karibu na jicho. Yeye hana muda wa kusubiri, kwa sababu kope ikilifunika jicho katika miezi ya mwanzo ubongo unaweza usijifunze kuona kwa jicho hilo, hata kama baadaye uvimbe utasinyaa wote. Na kwake dawa ipo. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux nchini Ufaransa, wakiongozwa na Christine Léauté-Labrèze, walieleza jinsi propranololi, dawa ya zamani ya moyo waliyompa mtoto kwa sababu nyingine, ilivyoanza kulainisha hemanjioma yake na kubadili rangi yake siku iliyofuata. Leo ndiyo tiba ya kwanza. Dawa hiyohiyo haiwezi kuifuta kasoro ya vena, kwa kuwa hakuna seli zinazozaliana za kuzuiwa.

Mtu angetarajia kwamba miaka 27 baada ya uainishaji wa 1982 neno hili lingekuwa limenyooka. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, ambao ulipitia makala 320 za kitabibu za mwaka 2009 zilizotumia neno hemanjioma, ulikuta kwamba takribani asilimia 71 zililitumia kwa ugonjwa usio wake, na kwamba wagonjwa walioitwa vibaya ndio waliokuwa wakipewa matibabu yasiyofaa. Hizo zilikuwa makala za wataalamu, zilizopitiwa na wataalamu wenzao kabla ya kuchapishwa. Kila ninapokumbuka takwimu hiyo najiuliza hali ikoje katika vyeti vya kawaida vya wagonjwa, ambavyo hakuna anayevipitia.

Jambo la pili linalofanya eneo hili liwe gumu ni kwamba mabadiliko ya jeni yanayosababisha nyingi ya kasoro hizi hayapo katika mwili mzima. Mwaka 1900 madaktari wawili wa Ufaransa, Maurice Klippel na Paul Trénaunay, walieleza wagonjwa wenye alama ya rangi ya mvinyo kwenye mguu, vena zilizovimba, na mguu huohuo kuwa mkubwa kuliko mwingine. Kwa zaidi ya karne moja majina yao yalikuwa maelezo ya sura ya ugonjwa, si ya chanzo chake, na mara nyingi yalichanganywa na hali aliyoieleza Frederick Parkes Weber wa Uingereza miaka michache baadaye, ambayo damu ya ateri humiminika kwenye vena kwa kasi na kuuchosha moyo. Kuzitenganisha hali hizo mbili ni jambo la lazima, na kipimo cha ultrasaundi kinachoonyesha mwendo wa damu hutosha mara nyingi kujua kama damu inakwenda taratibu au kwa kasi.

Sasa tunajua kwamba wengi wa wagonjwa wa Klippel na Trénaunay, pamoja na wengine waliokuwa na majina tofauti kabisa, wana badiliko katika jeni moja, PIK3CA, lililotokea katika seli moja ya kiinitete baada ya mimba kutungwa. Seli zote zilizotokana na hiyo moja zina badiliko hilo, nyingine hazina. Ndiyo maana mguu mmoja huathirika na mwingine ukawa mzima, na ndiyo maana pia kipimo cha jeni kinachofanywa kwa damu kinaweza kurudi na jibu la kwamba hakuna kilichoonekana, huku badiliko likiwa limejificha kwenye nyama ya paja. Jibu hilo ni la kweli kuhusu damu tu. Daktari asiyejua hivyo atamwambia mgonjwa kwamba vinasaba vyake ni salama, na hapo mlango unafungwa tena. Sampuli inapaswa kuchukuliwa mahali penye ugonjwa, na kupimwa kwa mbinu inayoweza kuona badiliko lililomo katika asilimia ndogo ya seli.

Maarifa haya yana faida mbili. Ya kwanza ni dawa. Mwaka 2018 kundi la Guillaume Canaud katika hospitali ya Necker mjini Paris lilionyesha kwamba alpelisibu, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani, iliwapunguzia wagonjwa 19 wenye badiliko hilo ukubwa wa sehemu zilizoathirika, na mwezi Aprili 2022 Marekani iliidhinisha itumike kwa watu wa miaka 2 na zaidi wenye ugonjwa mkali. Idhini hiyo ilikuwa ya njia ya haraka, iliyotegemea kumbukumbu za wagonjwa waliokwisha kuitumia, kwa hiyo usalama wake kwa mtoto anayekua bado unafuatiliwa, na ingekuwa kosa kuitangaza kama suluhisho lililokamilika. Lakini hata kuizungumzia hakuwezekani kwa mgonjwa ambaye faili lake limeandikwa vena zilizovimba, basi.

Faida ya pili haipatikani katika majarida, nami naiona kubwa zaidi. Mama aliyezaa mtoto mwenye mguu mkubwa wenye alama nyekundu huulizwa na watu alikula nini, alimtazama nani, alimkosea nani. Badiliko lililotokea kwa bahati katika seli moja, baada ya mimba kutungwa, halikutokana na chakula wala tabia yake, na kwa kawaida halipo katika seli za mzazi yeyote. Anastahili kuambiwa hivyo mapema, kwa sauti inayosikika na wote waliokuja naye.

Hali ni tofauti kabisa kwa ugonjwa wa kurithi wa mishipa inayotoa damu, unaobeba majina ya Osler, Weber na Rendu. Huu hupita katika familia, kila mtoto wa mgonjwa akiwa na nafasi ya nusu kwa nusu ya kuurithi, na unakadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 5,000. Vigezo vyake, vilivyochapishwa mwaka 2000 na kupewa jina la kisiwa cha Curaçao, ni vinne: damu ya puani inayojirudia bila sababu, vidoa vyekundu kwenye midomo, ulimi, pua au ncha za vidole, ateri zilizoungana na vena ndani ya mapafu, ini, ubongo au viungo vingine vya ndani, na mzazi, ndugu au mtoto mwenye ugonjwa huohuo. Vitatu vikitimia, ugonjwa ni huo; viwili vikitimia, unashukiwa. Vigezo vitatu kati ya hivyo vinaweza kuchunguzwa kwa macho na maswali. Hata hivyo utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba kati ya dalili za kwanza na kutambuliwa kwa ugonjwa hupita kwa wastani zaidi ya miaka 25.

Miaka hiyo si ya kupoteza damu tu. Mapafu yana kazi ya kuchuja madonge madogo ya damu na vijidudu kabla damu haijarudi mwilini, na ateri inapoungana na vena ndani ya pafu inakuwa njia ya mkato inayokwepa chujio hilo. Donge likipita humo linaweza kuleta kiharusi kwa mtu kijana, na vijidudu vikipita, kwa mfano baada ya kung'olewa jino, vinaweza kufanya jipu kwenye ubongo. Njia hizo za mkato zinaweza kuzibwa kupitia mrija mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa, bila kupasua kifua. Yote hayo humkosa mtu ambaye kila alipokwenda kliniki pua yake ilichomwa, akapewa vidonge vya kuongeza damu, na hakuna aliyemwomba atoe ulimi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na methali hiyo inafaa hapa kwa pande zote mbili: familia isiyosema kwamba babu alikuwa akitokwa damu puani kila wiki inamnyima daktari kigezo kimoja, na daktari asiyeuliza amejinyima mwenyewe.

Kuhusu aota iliyobana nitasema kwa ufupi, kwa sababu jambo lenyewe ni fupi. Damu huenda kwa nguvu mikononi na kwa udhaifu miguuni. Kijana mwenye shinikizo la juu la damu apimwe mkono na mguu, na mapigo ya kinenani yaguswe wakati uleule yanapoguswa ya mkononi, maana yakichelewa au yakikosekana, swali limekwisha kubadilika. Kwa mtoto mchanga kuna mtego: mshipa unaounganisha aota na ateri ya mapafu hubaki wazi kwa muda baada ya kuzaliwa, na ukiwa wazi mapigo ya miguuni yanaweza kuonekana ya kawaida, kisha yakapotea siku chache baadaye, nyumbani. Kipimo cha oksijeni kwa taa ya kidoleni, ambacho mwaka 2011 Marekani ilikiweka katika orodha ya vipimo vinavyopendekezwa kwa kila mtoto mchanga, kimeokoa wengi wenye kasoro nyingine za moyo lakini kinaweza kuikosa hii. Vidole viwili kinenani, leo na tena baada ya siku chache, bado havina mbadala. Na mtoto anayekoroma na kufoka pumzi tangu wiki ya kwanza, mchana na usiku, bila kupata nafuu kwa dawa za pumu, na anayepaliwa akila, anahitaji picha ya mishipa ya kifua chake kabla ya kuongezewa dozi.

Nimezungumza hadi hapa kana kwamba kosa ni moja tu, la kutodhani ugonjwa adimu. Uaminifu unanilazimu niseme kwamba kosa la upande wa pili lipo na linaongezeka. Mwaka 1957 Robert May na Josef Thurner walichunguza maiti 430 na kukuta kwamba katika asilimia 22 vena ya nyonga ya kushoto, inayogandamizwa na ateri ya kulia iliyo mbele yake, ilikuwa na makovu ndani. Mgandamizo huo ni sababu ya kweli ya damu kuganda kwenye mguu wa kushoto, hasa kwa wanawake vijana, na unapopuuzwa donge hurudi. Lakini soma tena takwimu hiyo: mtu zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na alama hiyo, ilhali walioumwa kwa sababu yake ni wachache mno. Kwa hiyo picha ya CT inayoonyesha vena iliyobanwa haijathibitisha kwamba maumivu ya tumbo au uchovu wa mgonjwa yanatoka hapo. Ninaelewa vizuri mno furaha ya mtu aliyehangaika miaka kumi na hatimaye kuona kitu kwenye picha, na sitathubutu kuidharau. Ila bomba la chuma la kuupanua mshipa uliobanwa likishawekwa kwenye mshipa wa mwanamke wa miaka 25 litabaki humo maisha yake yote, na kabla ya hapo anastahili kuulizwa kama dalili zinalingana na mshipa huo, upande huo, mkao huo wa mwili.

Vipimo vya jeni vina hatari ya aina hiyohiyo. Majibu hugawanywa katika ngazi tano, kuanzia badiliko lisilo na madhara hadi lile linaloleta ugonjwa, na katikati kuna ngazi ambayo maana yake haijulikani. Nimeona jinsi ngazi hiyo ya katikati inavyosomwa kama ndiyo. Badiliko lisilojulikana katika jeni ya COL3A1, ambayo ikiharibika kweli husababisha aina ya ugonjwa wa Ehlers na Danlos inayopasua ateri na utumbo, linaweza kumfanya mtu aishi kwa hofu ya kupasuka, akatae kuzaa, au akataliwe upasuaji anaouhitaji, ilhali maabara haikusema chochote zaidi ya kwamba haijui.

Ndiyo maana nathamini sana programu ya magonjwa yasiyotambuliwa iliyoanzishwa mwaka 2008 na taasisi za taifa za afya za Marekani chini ya William Gahl. Miongoni mwa waliofika huko walikuwa ndugu wa familia moja waliokuwa na maumivu makali ya miguu wakitembea, huku picha zikionyesha ateri za miguu yao zimejaa madini ya kalisi na viungo vya mikono na miguu vikiwa hivyo hivyo. Jina la kawaida lilikuwapo tayari: ateri zimezibwa na mafuta. Lakini halikukaa, maana ateri za moyo zilikuwa zimesalimika, na wazazi, waliokuwa na undugu wa mbali, hawakuwa wagonjwa. Watafiti waliacha swali wazi, wakalinganisha jeni za familia hiyo, na mwaka 2011 wakaeleza ugonjwa ambao haukuwa na jina kabla: kukosekana kwa kimeng'enya CD73, kwa sababu ya badiliko katika jeni ya NT5E. Mara baada ya kujua kinachokosekana, ikawezekana kufikiria dawa ya kuzuia kalisi isijikusanye, jambo ambalo lisingewezekana kama faili lingeendelea kusema mafuta.

Si kila mgonjwa atafika kwenye programu kama hiyo, lakini kila faili linaweza kuandikwa kwa namna inayofanana nayo. Pale ambapo daktari hana hakika, aandike anachokiona, kwa upande na kwa kipimo: mguu wa kushoto ni mrefu kwa sentimita mbili, alama ipo tangu kuzaliwa, mapigo ya kinenani ni dhaifu, damu ya puani mara tatu kwa wiki, bibi wa upande wa mama alikuwa hivyo. Kisha aandike kwamba sababu haijajulikana, na aweke tarehe ya kulifungua faili tena. Tarehe hiyo si mapambo, kwani majibu ya jeni yaliyosomwa leo bila kupata kitu, yakisomwa upya baada ya miaka miwili kwa data zilezile, kwa baadhi ya wagonjwa hutoa jibu, kwa kuwa katika muda huo jeni mpya zimekwisha kuhusishwa na magonjwa. Lakini atakayeitwa kusomewa upya ni yule tu ambaye faili lake bado linasema sababu haijajulikana.